Lenzi Isiyoondolewa: Uvira na Hesabu za Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Majarida ya tiba ya macho yanapoorodhesha sababu za kuondoa lenzi ya bandia iliyowekwa katika upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa kawaida huanza na lenzi kuhama mahali pake. Hufuata nguvu ya lenzi isiyolingana na jicho, lenzi kuingia ukungu, uvimbe wa ndani usiokwisha, na mng'ao unaowasumbua wenye lenzi za masafa mengi. Orodha hiyo ni sahihi, ila inahesabu lenzi zilizoondolewa tu, na ili lenzi iondolewe lazima awepo wa kuiondoa. Mkazi wa Kilibula, pale Uvira, ambaye lenzi yake haikumfaa na hakupata wa kumtazama tena, haingii katika hesabu yoyote. Ndiyo maana nashikilia kwamba uchache wa lenzi zinazobadilishwa kwenye ufuko huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika usichukuliwe kuwa dalili ya mafanikio.

Tuanze na nguvu ya lenzi, kwa kuwa kosa lake huzuilika kabla ya kisu kushikwa. Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza katika hospitali ya St Thomas', London, tarehe 29 Novemba 1949, upasuaji wenyewe ulifaulu, lakini mgonjwa akabaki haoni mbali kwa kiasi cha dayopta zaidi ya 10. Leo urefu wa jicho hupimwa kwa mawimbi ya sauti na mviringo wa konea kwa keratomita, kisha nguvu inakokotolewa. Kukosea milimita 1 ya urefu ni kukosea dayopta 2.5 hivi. Hata hivyo, katika kampeni za kupasua watu wengi kwa siku chache, vipimo hivi vimerukwa mara nyingi, kila jicho likawekewa lenzi ya dayopta 21 au 22. Jicho la milimita 23 na nusu litaridhika nayo. Mvuvi wa ndagala mwenye jicho la milimita 25 atabaki na kosa la dayopta 3 hadi 4 hivi: ataliona vizuri fundo la wavu alilolishika sentimita 30 kutoka usoni, lakini mtumbwi wa mwenzake na milima ya Burundi ng'ambo vitakuwa ukungu mtupu. Huyu hahitaji kupasuliwa tena, miwani inamtosha. Asipopimwa baada ya upasuaji, hata miwani hiyo haipati, na daftari la kampeni litamwandika miongoni mwa waliopona.

Kosa likiwa kubwa zaidi, muda ndio unaoamua. Katika wiki za mwanzo kifuko cha lenzi bado ni laini, na kubadilisha si kazi ngumu. Miezi ikipita, kifuko hushikamana na mikono ya lenzi. Kuivuta kwa nguvu huweza kurarua nyuzi zinazokishikilia kifuko, na seli za ndani ya konea zinazokufa hazioti tena. Mgonjwa aliyeambiwa arudi baada ya mwaka amekwisha kupoteza nafasi hiyo.

Kuna pia kosa la utambuzi, ambalo kwangu ndilo la kusikitisha kuliko yote. Mtu anarudi akisema mtoto wa jicho amemrudia. Mara nyingi ni utando wa nyuma ya lenzi, na leza huufungua kwa dakika chache. Lakini lenzi za akriliki zinazofyonza maji huweza kujaa chumvi ya kalisi, zikageuka nyeupe zenyewe. Leza haisaidii chochote hapo. Hutoboa kifuko tu, na ute wa jicho unapata njia ya kuja mbele. Lenzi ambayo ingetolewa kwa usalama sasa inatolewa kwa hatari. Kupanua mboni na kutazama kwa makini kabla ya leza kungetosha kuliepuka hilo.

Bei ya lenzi haiwezi tena kuwa kisingizio. Tangu kufunguliwa kwa kiwanda cha lenzi cha Aurolab huko Madurai mwaka 1992 na kile cha Asmara mwaka 1994, lenzi moja hupatikana kwa dola chache. Kinachopungua ni kipimo na kumbukumbu. Kila anayepasuliwa Uvira apewe kadi yenye aina ya lenzi, nguvu yake, tarehe, na kama kifuko kilipasuka. Atakayevuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura, au kupanda mteremko wa Ngomo hadi Bukavu, bila kadi hiyo, atamlazimisha daktari akisie lenzi iliyomo ndani ya jicho, kisha akisie nyingine ya kuweka mahali pake.