Kutoka Majengo hadi Nyumba ya Makasi

Aliyekulia Majengo, Pumwani, haelezwi nyumba ya Kiswahili ni nini. Ujia unaikata katikati, vyumba huku na huku, unatokea uani kwenye choo na majiko. Nyumba hizo zilianza kujengwa miaka ya 1920, manispaa ilipowagawia Waafrika viwanja mashariki ya Nairobi, na ramani yake ilitoka pwani. Wanawake wengi walikuwa wenye nyumba, wakila kodi za vyumba.

Basi nilipoingia magofu ya Gede, kilomita 15 hivi kusini ya Malindi, niliyatazama kwa jicho la mpangaji.

Kaburi moja pale limechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mji wenyewe ni mkubwa kuliko kaburi hilo kwa umri. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, nyumba akazipa majina ya vitu alivyovikuta humo: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Bakuli lilitoka Uchina. Angechimba kwetu, sijui angetuitaje. Nyumba ya Karai la Mahamri, labda.

Wareno walikaa Malindi, pua na mdomo na Gede, wasiutaje mji huo katika maandishi yao. Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wamehama. Wengine husema visima vilikauka, wengine husema vita. Waoromo waliposhuka kutoka kaskazini walikuta msitu unakaribia, na jina Gede husemekana ni lao. Kuhamishwa hatukukujulia huko. Kijiji cha Pangani, Nairobi, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wakapelekwa Shauri Moyo.

Kilichonishangaza zaidi ni choo. Kiko ndani ya nyumba, shimo lake safi, na kando pana mahali pa kutawadhia. Sisi, milango minane, tulipanga foleni alfajiri kwa kimoja.

Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa boriti za mkoko zilizobeba dari hazikuwa ndefu. Nilikipima kimoja kwa hatua, kima wakinitazama ukutani. Upana hatua tatu. Kitanda cha mama, kabati na jiko la makaa vingeenea, na mlango ungefunguka wote.