Kabati la Mjerumani na kasha la bibi

Juzi nilikuwa nazurura mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, nikaingia dukani kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale. Katikati ya makasha na saa za ukutani nikaona kabati dogo la njumu. Ukifungua milango yake miwili unakuta droo ndogondogo, kila moja na ua au ndege wa vipande vya mbao za rangi tofauti. "Kitu cha Mjerumani hicho, sheikh," akaniambia. Nikamwuliza lilikuwa la nani na lilifikaje Unguja. Akacheka: "Mimi nauza tu, mwanangu."

Basi nikaondoka na swali langu. Makabati ya namna hii yalitengenezwa sana Augsburg, kusini mwa Ujerumani, katika karne ya 16 na 17. Hayakuwa ya nguo wala vyombo. Wafalme na matajiri waliweka humo vitu vya ajabu kutoka kila pembe ya dunia: sarafu, mawe, marijani, makombe ya bahari. Moja maarufu ni lile la Philipp Hainhofer, ambalo mji wa Augsburg ulimzawadia mfalme Gustav Adolf wa Uswidi mwaka 1632. Leo lipo Chuo Kikuu cha Uppsala, na juu yake kuna nazi ya Shelisheli. Yaani kitu cha bahari yetu hii hii!

Baadaye Wajerumani hawakutosheka na kombe moja la kuweka kwenye droo. Walipakia meli nzima. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waliona kwamba kauri za pwani yetu zinaweza kutumika kama fedha Afrika Magharibi. Kampuni ya O'Swald ikafungua ofisi Zanzibar mwaka 1849. Kauri zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Lagos, zikanunua mafuta ya mawese ya kupeleka Ulaya. Mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zikafunga mkataba wa biashara na Sultani Majid. Heinrich Ruete, yule aliyemwoa Sayyida Salme mwaka 1867, naye alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg hapa hapa mjini. Mwishowe kauri zikamiminwa nyingi mno, thamani ikaporomoka. Mama wa sokoni kule aliyeweka akiba yake kwa kauri akabaki na gunia la makombe.

Tunayajuaje yote haya? Kwa sababu wenzetu waliandika. Barua za O'Swald zimehifadhiwa Hamburg hadi leo.

Sisi je? Bibi yangu alikuwa na kasha la misumari ya shaba, droo tatu chini, na ndani kijisanduku cha siri. Alikuja nalo kwa mumewe. Miaka ya 1980 Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu, ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaanguka na shamba letu likawa halilipi. Akapita mchuuzi kutoka mjini, kasha likauzwa, yakanunuliwa mabati. Simlaumu bibi hata kidogo. Nyumba ilikuwa inavuja.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Nani alilitengeneza? Lilitoka Surat, Bombay, au lilichongwa hapa Unguja? Mle kwenye siri aliweka nini? Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Baba anakumbuka harufu ya udi tu, basi. Huenda leo kasha hilo lipo sebuleni kwa mtu huko Ulaya, na mgeni akiuliza, mwenye nyumba anajibu kama yule mzee wa Gizenga: kitu cha Zanzibar hicho.

Jamani, sisemi watu wasiuze. Shida haina adabu. Nasema kabla kasha halijatoka mlangoni, keti na bibi nusu saa, mwulize, andika, piga picha. Sisi tuliosoma tunajua kurekodi kila harusi na kila mechi. Kwa nini tushindwe hili?

Kwenu kasha bado lipo? Na bibi je, yupo? Basi nenda kamwulize wikiendi hii.