Kunoa na Kuchua: Makali ya Wembe wa Kukunja

Kupeleka wembe kwenye jiwe ni kunoa. Kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi dakika chache kabla ya kunyoa, hapo pia watu husema kunoa. Kwa kisu cha jikoni neno hilo moja linatosha. Kwa wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini unaoficha makali, halitoshi, kwa sababu hizo ni kazi mbili na anayezichanganya huharibu chuma. Kiingereza kimezitenga: ya jiweni ni "hone", ya ngozini ni "strop". Napendekeza kunoa kubaki jiweni, na kazi ya ngozini tuiite kuchua.

Jiwe hula chuma. Makali yaliyokuwa butu husagwa hadi yapatikane mapya, na kila mara wembe unapungua. Ngozi haipunguzi kitu cha kusema. Inanyoosha ukingo uliojikunja kwa kupambana na ndevu. Mtu wa Pwani aliyewahi kuteguka mguu akachuliwa kwa mafuta ya nazi hahitaji maelezo zaidi: kwenye kuchua hakuna kinachotolewa, kilichokwenda upande ndicho kinachorudishwa mahali pake.

Wembe wenyewe ni neno la kale la Kibantu. Wanyarwanda husema urwembe, na hao hawakulipata bandarini. Kinoo nacho ni chetu, kimetoka kwenye kunoa bila kuomba msaada kwa mtu. Ngariba wa jando alikuwa na wembe, kinyozi alikuwa nao, na mtoto mchanga alinyolewa nao kwenye akika. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliyaandika mambo ya jando katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten ingawa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro. Kwa hiyo si kwamba tulikosa msamiati wa makali. Ila nyembe za kukunja zilizotamba duniani karne ya 19 zilitoka Sheffield na Solingen, na yaelekea mkanda wake ulitufikia bila kupewa jina la kazi yake.

Tazama mkono unavyokwenda, tofauti itaonekana. Jiweni, wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja. Unene wa mgongo ndio unaopima pembe, hivyo fundi hana haja ya kukisia kama anavyofanya kwa panga. Makali hutangulia, kana kwamba unataka kuchuna ngozi nyembamba ya jiwe. Mkandani ni kinyume: mgongo hutangulia, makali hufuata. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake. Ukiugeuza kwa upande wa makali utaukata mkanda, na makali yenyewe yatapinda. Mkanda uwe umekazwa. Ukilegea, ngozi huukumbatia ukingo na kuufanya mviringo. Kuchua ni kwa kila siku ya kunyoa. Kunoa ni kwa nadra, pale ambapo kuchua hakusaidii tena.

Fundi wa cherehe, yule anayepita mitaani akikanyaga pedali na cheche zikiruka, mpe kisu na mkasi, si wembe huu. Ukingo wake ni mwembamba mno. Joto la gurudumu huupata mara moja, chuma kikawa na rangi ya buluu na kupoteza ugumu. Hapo hakuna jiwe wala ngozi itakayosaidia.

Huku pwani, kama Bagamoyo, wembe una adui mwingine. Nyembe hizi nyingi ni za chuma cha kaboni, na upepo wa bahari una chumvi. Wembe ulioachwa na tone la maji kwenye ekseli ya mpini huanza kushika kutu kwa ndani, mahali usipopaona, kisha kutu inafika kwenye makali kama vitobo vidogo. Ufute, uache wazi ukauke, upake mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yatafaa kwa mguu ulioteguka. Kwenye wembe huganda na kunata.

Kilichoondoa ujuzi huu ni wembe mwembamba wa kutupa. King Camp Gillette alianza kuuza nyembe zake Marekani mwaka 1903, na tangu hapo makali yaliyokufa yakawa takataka. Huku kwetu sababu nyingine iliongezeka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na muda si mrefu kila mtu akajua kutochangia "vitu vyenye ncha kali". Onyo hilo ni la haki kabisa, ingawa wembe hauchomi kwa ncha, hukata kwa makali. Kinyozi anayefungua wembe mpya mbele ya mteja yuko sahihi. Wembe wa kukunja ubaki wa mtu mmoja, nyumbani kwake.

Jambo moja bado halina jina. Jiwe linapomaliza kazi, huacha kwenye ukingo uzi wa chuma usioonekana kwa jicho. Ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, unakukwaruza. Nimekuwa nikiuita unyuzi. Unyuzi huo hautakiwi kuchuliwa. Unatolewa jiweni, kwa kupunguza uzito wa mkono hadi wembe ubaki umejilaza wenyewe, ndipo mkanda ushushwe ukutani.