Neno moja ni nini? Funzo la riwaya ya siku 30

Novemba iliyopita nilijitwika mzigo: kuandika riwaya ya Kiswahili yenye maneno 50,000 kwa siku 30. Ukigawanya, hayo ni maneno 1,667 kila siku. Hapa Machakos Novemba ni mwezi wa mvua. Nikitoka darasani, mahindi na mbaazi vinanisubiri kupaliliwa, na jioni stima ikipotea imepotea. Siku ya 30 kompyuta ilinihesabia maneno 33,000 na kidogo. Nikajiona mzembe kweli kweli.

Kipimo hicho hakikutoka kwetu. Mwaka 1999, Chris Baty na wenzake, jumla yao watu 21, walijaribu kuandika riwaya kwa mwezi mmoja katika eneo la San Francisco, Marekani. Zoezi hilo likaenea duniani. Shirika lililolisimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga kazi, ila wengi bado tunaifukuzia hesabu yake. Na kabla ya hapo, Mwingereza Anthony Trollope, aliyefariki mwaka 1882, alikuwa akiweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa.

Lakini hebu tuulize, msomaji wangu: neno ni nini?

Chukua sentensi hii: 'Nilipomwona hakunitambua.' Ni maneno mawili tu. Mwingereza akitaka kusema hayo hayo atahitaji maneno tisa. Ndani ya 'nilipomwona' mna mtenda, wakati uliopita, kirejeshi, mtendwa, mzizi na kiishio, vyote vimebebana kama abiria wa matatu ya jioni. Kweli, pengine sisi ndio huandika maneno mengi, kwa mfano 'kitabu cha mwanafunzi'. Hata hivyo, kwa jumla kitenzi chetu kinameza mengi.

Wiki ya tatu, deni lilipozidi, nilianza ujanja. Kila palipokuwa na 'mwanangu' nikaandika 'mwana wangu'. 'Mamake' akawa 'mama yake'. Hesabu ikapanda, hadithi ikabaki pale pale. Hapo nilishtuka, kwa sababu ujanja huo naujua. Karatasi ya insha ya KCSE humtaka mtahiniwa aandike maneno yasiyopungua 400, nami kila mwaka nasahihisha 'ana penda' na 'tuna po enda'. Mwanafunzi anayekosea hivyo, ati, ndiye anayepata maneno mengi zaidi!

Basi nafasi kati ya maneno ni uamuzi wa waandishi wa tahajia, si sheria ya maumbile. Ushahidi uko Afrika Kusini. Mzulu huandika 'ngiyamthanda', yaani nampenda, likiwa neno moja. Msotho husema jambo hilo hilo na kuandika 'ke a mo rata', maneno manne. Lugha hizo ni ndugu, ila zilirithi desturi tofauti za kuandika. Wote wawili wakianza riwaya tarehe 1 Novemba, Msotho atamaliza mapema bila kumzidi mwenzake kwa bidii wala kipaji.

Washairi wetu walikuwa na kipimo kingine. Utenzi hupimwa kwa beti na mizani, kwa kawaida mizani nane kila kipande. Mshairi naye hufupisha na kurefusha maneno, ndiyo maana tuna inkisari na mazida, lakini hakimu wake ni sikio. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000. Al-Inkishafi hazifiki 100. Sijamsikia mtu akidai kwamba Sayyid Abdalla bin Nasir alishindwa kufikisha idadi.

Sisemi urefu ni kosa. David Maillu, mwandishi wetu wa Ukambani, alichapisha Broken Drum mwaka 1991, kitabu chenye kurasa zaidi ya 1,000. Wala sisemi kipimo hakifai. Bila lile deni la kila siku nisingekuwa na hata sura moja ya riwaya yangu. Ninachokataa ni kuazima nambari iliyokatwa kwa kimo cha Kiingereza, kisha kujilaumu kwamba vazi halinikai.

Tunaopanga mashindano ya riwaya, tunaotunga mitihani na tunaowalipa watafsiri kwa idadi ya maneno, tukae tufikiri. Anayetafsiri kutoka Kiingereza akilipwa kwa hesabu ya maneno ya Kiswahili, kila 'nilipomwona' inampunja.

Mimi nimeyarudisha maneno yote niliyoyapasua. 'Mwanangu' ni mwanangu tena, na hesabu imeshuka. Novemba ijayo nitajidai saa moja kila jioni, stima ikiwepo au taa ya sola, na nitaacha kuichungulia ile nambari iliyo chini ya ukurasa.