Chungu cha Wazee na Kopo la Mama Pima

Huenda, msomaji, umepata kupita jioni katika mitaa ya pembezoni mwa Eldoret ukanusa harufu ya unga wa mahindi unaokaangwa bila mafuta. Harufu hiyo ina historia. Nataka kukueleza jinsi pombe iliyonywewa bure nyumbani kwa mzee ilivyokuja kupimwa kwa kopo na kuuzwa na mwanamke katika chumba cha kupanga.

Kabla ya mji kuwako, watu wa nchi hii walijua pombe ya wimbi na pombe ya asali, ambayo Wanandi waliiita kipketinik. Mwenye shamba lililotaka kupaliliwa aliwaalika majirani, mkewe akapika pombe siku kadhaa mbele, na kazi ilipokwisha wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu uliofungiwa kichujio nchani. Wahenga walitiliwa yao kwanza. Vijana walingoja umri. Usidhani kwamba siku hizo hazikuwa na walevi. Watu ni watu. Lakini wimbi la pombe lilikuwa ndilo wimbi la uji na ugali, na mwenye akili hakunywa ghala lake.

Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini waliupanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya maksai, na walowezi wengine wakafuata. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na wenyeji wakapaita Sisibo, kwa maana ndivyo sikio lao lilivyoipokea nambari hiyo kwa Kiingereza. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, wakati mmoja na benki. Yasimuliwa kwamba kasha la chuma la benki hiyo lilianguka kutoka garini, likawa zito mno kuinuliwa, basi wakajenga benki papo hapo kulizunguka. Walowezi walikuwa na baa yao pia, ikiitwa Rat Pit. Mwafrika hakuwa na nafasi mezani pale. Kwa miaka mingi sheria ya kikoloni ilimnyima vinywaji vya Kizungu.

Mashamba yalitaka mikono. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwa mlowezi. Kwa hiyo wakaja watu kutoka nchi ya Wanandi, ya Waluhya na ya Wajaluo, wanaume wakiwa na kipande shingoni. Reli ilipofika mwaka 1924 mji ulizidi kujaa. Sasa jiulize mwanamke alikuwa wapi. Mjane, au mke aliyeachwa, hakuwa na ardhi kwa jina lake wala kazi ya mshahara. Alikuwa na ujuzi aliofunzwa na mama yake. Akapanga chumba, akanunua debe la mahindi, akaanza kupika busaa.

Ujuzi huo usiudharau. Unga hukandwa kwa maji ukawa donge gumu, ukaachwa siku mbili tatu uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana, ukigeuzwagezuwa hadi uwe chenga za rangi ya kahawia, na hapo ndipo itokapo ile harufu. Moto huivisha wanga na kuusimamisha uchachu. Chenga hizo hutiwa katika pipa la maji pamoja na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa. Ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira huila sukari hiyo ikatoa kileo. Baada ya siku chache pombe huchujwa na kunywewa ingali ikitoa povu, maana haiwekeki. Kileo chake kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 4.

Lakini chumba kile hakikuweza kuwa nyumba ya mzee. Wanywaji walikuwa wa makabila mbalimbali, hawajuani, na kila mmoja alikuja na senti zake. Wakinywa kwa mirija katika chungu kimoja, nani atajua nani amekunywa kiasi gani? Mrija haupimi, kopo lapima. Ndiyo asili ya jina mama pima, na kopo lake mara nyingi huwa mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku.

Serikali ya kikoloni iliiona biashara hiyo, ikaitamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Nairobi, kwa kuiga mji wa Durban, ilifungua jumba la pombe la manispaa na kuwakataza wanawake kupika majumbani. Faida ikawekwa katika mfuko wa mitaa ya Waafrika. Pombe ileile iliyokuwa hatia chumbani ikawa mapato halali jumbani. Mimi sioni namna ya kuiita haki.

Msako wa polisi nao ulizaa jambo lingine. Pipa la busaa ni zito na harufu yake haifichiki. Chang'aa hukenekwa, yaani pombe huchemshwa na mvuke wake ukapozwa. Ni kali, na chupa yake yaingia chini ya kitanda. Kwa maoni yangu hofu ya askari iliwasukuma wapishi wengi kwenye kinywaji kidogo kwa wingi na kikubwa kwa madhara. Kenya huru iliipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, wala haikukoma. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa mjini Nairobi kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka.

Sheria ya mwaka 2010 iliifuta ile ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa kwa leseni, mradi itiwe katika chupa za kioo zisizopungua mililita 250, zenye onyo, wala asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Masharti hayo yaweza kumwokoa mnywaji. Kwa mama pima, aliyeanza na debe moja la mahindi na mwenye mtoto anayengoja karo, mtambo wa kujaza chupa uko mbali kama mwezi. Eldoret ilitangazwa kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, na bati la kukaangia unga bado liko motoni nyuma ya nyumba.