Negativu Tatu na Swali la "Nani wa Kwanza?"

Katika shule ya sekondari niliyosoma hapa Uganda, historia ya uvumbuzi ilikuwa orodha ya majina na miaka. Mwalimu aliuliza nani, tukataja jina. Akauliza lini, tukataja mwaka. Nilipoanza kuchunguza historia ya picha za rangi, niliingia na maswali hayohayo mawili. Katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba hayatoshi, na kwamba tunapaswa kuongeza la tatu: ni nini kilichokuwa kikikosekana?

Nianze na jibu ambalo lingenipa alama. Tarehe 17 Mei 1861, mwanafizikia wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alionyesha picha ya utepe wenye rangi nyingi katika Royal Institution, London. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe huo kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu. Picha zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zilipoangazwa pamoja ukutani kwa taa tatu zenye vichujio vya rangi zilezile, rangi za utepe zikaonekana.

Lakini dawa za picha za wakati ule hazikuhisi mwanga mwekundu. Ilikuwaje basi kichujio chekundu kikatoa picha? Maelezo yalipatikana mwaka 1961, miaka 100 baadaye, Ralph Evans na wenzake wa Kodak walipolichunguza upya jaribio hilo. Kichujio kilipitisha pia mwanga wa urujuanimno, ambao macho hayauoni, na sehemu nyekundu za utepe ziliuakisi mwanga huo. Nadharia ya Maxwell ilikuwa sahihi, ila ushahidi wake ulifaulu kwa bahati.

Hata jina la pili lina utata. Tarehe 7 Mei 1869, chama cha wapiga picha cha Ufaransa kilipokea siku moja mapendekezo ya watu wawili ambao hawakuwa wameshirikiana: Louis Ducos du Hauron na Charles Cros. Wote wawili walieleza namna ya kupata rangi kwa negativu tatu. Tumpe nani alama? Mimi naona siku ile inatufundisha kwamba wazo lilikuwa limekwisha iva. Vilivyochelewa ni vifaa. Mwaka 1873, Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin aligundua kwamba dawa ya picha ikichanganywa na rangi fulani huanza kuhisi mwanga ambao awali haikuuhisi. Hapo ndipo njia ya kupata negativu nzuri ya mwanga mwekundu ilipofunguka.

Kulikuwa na haja pia ya namna ya kuichapa rangi kwenye karatasi. Tangu mwaka 1839 Mungo Ponton alikuwa ameonyesha kwamba karatasi iliyolowekwa katika potasiamu daikromati hubadilika kwa mwanga. Mwaka 1855 Alphonse Poitevin akaichanganya kemikali hiyo na vitu vya kunata pamoja na rangi ya unga. Gundi ya mgunga ikiwa na daikromati hukauka na kushika pale mwanga ulipopita. Kwingineko huyeyuka na kuondoka na maji. Mwishoni mwa karne ya 19, Heinrich Kühn, Hugo Henneberg na Hans Watzek wa Austria waliitumia njia hii kuchapa picha kubwa zenye rangi kadhaa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Gundi hiyo huhitaji mwanga mkali, kwa hiyo negativu hulazwa moja kwa moja juu ya karatasi. Maana yake, ukitaka picha kubwa ni lazima negativu zote tatu ziwe kubwa vilevile. Negativu ya kichujio chekundu huchapwa kwa samawati, ya kijani kwa majenta, ya buluu kwa njano, kwa sababu kila rangi ya kuchapia humeza mwanga wa kichujio chake. Kila tabaka hupakwa, huangazwa, huoshwa na kukaushwa kabla ya linalofuata. Karatasi isipolowekwa na kukaushwa mapema, husinyaa katikati ya kazi, na mistari ya picha haikutani tena. Kadiri picha inavyokuwa kubwa, ndivyo kosa hilo linavyoonekana. Isitoshe, daikromati ni sumu inayoweza kusababisha saratani.

Na gundi ilitoka wapi? Hapo ndipo nilipokutana na bara letu. Gundi hii ni utomvu wa migunga ya Sahel, kuanzia Senegali hadi Kordofan nchini Sudan, waliokuwa jirani zetu wa kaskazini hadi mwaka 2011. Wagema wake walitoboa magome ya miti, wakasubiri utomvu ugande, wakaukusanya kwa mkono. Majina ya wapiga picha wa Austria yamo vitabuni. Ya wagema sikuyakuta popote.

Sisemi kwamba Maxwell asifundishwe. Nasema kwamba mtihani unaouliza jina na mwaka pekee unatufundisha kuwaacha nje watu wa Kordofan, na unatuficha hata bahati ya Maxwell mwenyewe. Nikipata nafasi ya kufundisha, nitaliandika swali la tatu ubaoni, chini ya yale mawili ya zamani.