Kupakia upya kiotomatiki

Kupakia upya kiotomatiki ni utaratibu unaofanya kivinjari kiombe tena ukurasa wa wavuti kila baada ya muda uliopangwa, bila mtumiaji kubonyeza chochote. Hutumika kwa habari zinazobadilika haraka, kama vile matokeo ya mpira na bei za hisa. Njia ya zamani ni lebo ya meta ya HTML, iliyoanza na kivinjari cha Netscape Navigator mnamo mwaka 1995.

Kwenye intaneti ya polepole utaratibu huu una hasara. Kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, ukurasa wa kilobaiti 500 huchukua zaidi ya dakika moja kufika. Ukipangwa kupakiwa upya sekunde 30 baada ya kufika, msomaji hungoja muda mrefu kuliko anaosoma, na data hutumika hata kama hakuna jipya. Mtandao ukikatika, ukurasa uliokwisha kufika unaweza kutoweka, pamoja na maandishi ambayo hayajatumwa.

Hasara hiyo hupungua seva ikijibu kwa msimbo 304, yaani "haujabadilika", ili kivinjari kitumie nakala iliyohifadhiwa kwenye kifaa. Tangu miaka ya 2000 tovuti nyingi hutumia AJAX, ambayo huweza kuleta sehemu inayohitajika tu bila kupakia ukurasa mzima.